Nililiwasha Kabla Mnunuzi Hajafika

Nilimuuzia kijana mmoja gari ambalo injini yake nilijua imekwisha. Sikudanganywa na fundi, sikuzidiwa na shida, wala hapakuwa na mgonjwa nyumbani aliyekuwa akisubiri fedha zile. Nilijua, nikanyamaza, nikahesabu noti, nikasaini hati ya mauziano mbele ya mashahidi, kisha nikamwombea kijana wa watu heri na baraka katika kazi yake. Dua ile inanichoma mpaka leo.

Tunapokaa barazani, habari ya gari lililochoka huwa na njia mbili: litengenezwe au likatwe. Watu hubishana hapo mpaka kahawa inaisha. Iko njia ya tatu ambayo wengi wetu tumeipita na hatuitaji, nayo ni kumsukumia mwingine. Mimi nimeipita. Sikuamka siku moja nikawa tapeli. Nilianza na uzembe, nikaingia kwenye hesabu mbovu, nikaishia kwenye hila. Nitaeleza kwa mpangilio huo huo.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Corolla, ile tunayoiita 110, injini ya 5A ya cc 1500, namba B. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuambiwa zaidi. Herufi inayofuata tarakimu kwenye kibao ndiyo inayotaja umri wa gari hapa nchini, na mwenye namba B akiegesha kando ya namba E wote wanajua nani mzee. Kwenye dashibodi kilomita zilikwisha kupita laki tatu, na hizo ni zile zilizokubali kuonekana. Kama kuna zilizorudishwa nyuma kabla gari halijanifikia, wa kuniambia hayupo.

Kilomita nyingi si ugonjwa. Injini kama 5A ni rahisi: bloku ya chuma, hedi ya aluminiamu, mkanda wa taimingi ambao hata ukikatika safarini gari linazimika tu, pistoni hazigongani na valvu. Spea zake zinapatikana Gerezani, zinapatikana Ilala, na ukienda mkoani hukosi duka lenye plagi na pedi za breki zake. Fundi wa chini ya mwembe anaifahamu kwa kuipapasa. Gari la namna hiyo likipata oili safi kwa wakati na likilindwa na joto, laki tatu si mwisho wake. Lilipokufa langu, nisingeweza kusingizia umri. Nililiua mwenyewe.

Miaka ya mwanzo fundi mmoja aliniambia themostati ni kifaa cha nchi za baridi, akaitoa akaitupa. Nilifurahi kupata fundi anayejua mazingira yetu. Kumbe themostati kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, nyuzi themanini na kitu hivi. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, inakula petroli zaidi, na petroli isiyoungua sawasawa inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinalika kabla ya wakati. Juu ya hilo nilikuwa najaza maji ya bomba badala ya kulanti, kwa kuwa maji ni rahisi. Maji matupu yanatia bloku kutu, kutu inakuwa tope, tope linaziba rejeta. Injini ilipoanza kuchemka kwenye foleni, nikaambiwa feni ifungwe dairekti, izunguke muda wote swichi ikiwa imewashwa. Nikakubali hilo nalo. Kila nililolifanya lilinyamazisha dalili na kuuacha ugonjwa ukiendelea.

Siku ya kulipa ikafika barabara ya Segera kwenda Chalinze. Tulikuwa tunatoka Tanga, mimi na mke wangu mbele, mama yangu mzazi nyuma. Wakati huo daraja la zamani la Wami ndilo lililokuwa likitumika. Kuuteremkia mto ule na kuupanda upande wa pili kunahitaji injini yenye afya, na malori hutambaa pale. Nikiwa nyuma ya lori lenye tela, mshale wa joto ukaanza kupanda. Niliuona, na mke wangu akauona.

"Baba watoto, simama lipoe."

Nikamjibu kwamba tutasimama Msata, pale kuna mafundi. Nilimwambia sitaki kumweka mama porini kwenye jua. Sababu yenyewe ilikuwa nyingine: sikutaka mabasi ya Tanga na Arusha yanipite nikiwa nimefungua boneti, abiria wakinichungulia dirishani. Nikaendelea kukanyaga mafuta. Hatujaiona Msata mshale ulikuwa umeshalala kwenye nyekundu, mvuke ukatoka kwenye ukingo wa boneti, nguvu zikaisha. Hapo tena nikaongeza kosa jingine. Nilingoja kidogo tu, nikafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, nikamimina maji baridi ya chupa kwenye injini iliyokuwa inaunguza.

Mwenye gari anapaswa kujua kinachotokea hapo ndani, maana wengi tunafikiri gari likichemka ukalipoza basi limepona. Bloku ni chuma, hedi juu yake ni aluminiamu, na kati ya viwili hivyo kuna gasketi nyembamba inayozuia moto wa silinda, maji na oili visiingiliane. Aluminiamu ikipata joto hutanuka kuliko chuma. Joto likipita kiasi, hedi inataka kutanuka lakini bolti zimeishika; inapinda. Hata ikipoa hairudi ilivyokuwa, na gasketi inabaki na sehemu isiyobanwa. Kuanzia siku hiyo moto wa silinda unapenya kwenye njia ya maji, unasukuma mapovu kwenye rejeta, unayafukuza maji. Dakika zile za kuona haya kusimama kando ya barabara ndizo zilizolimaliza gari langu.

Nikaanza matengenezo. Injini ikafunguliwa, hedi ikapelekwa kuchongwa iwe bapa tena, gasketi mpya ikafungwa. Laki nne na nusu. Baada ya muda rejeta ikatoboka, nikanunua nyingine ya mtumba. Pampu ya maji ikafuata. Moshi wa bluu ukaanza kuonekana asubuhi, nikaambiwa ni sili za valvu, zikabadilishwa. Maji yakaendelea kupungua. Mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiona fedha za nyumbani zinavyoyeyuka, alisema kwa upole, "Hili gari sasa linakula kuliko watoto."

Nilikuwa na jibu, na jibu lenyewe ndiyo hesabu mbovu niliyoitaja. Nilimwambia: laki nne ni nini mbele ya milioni kumi na tano za kuagiza gari jingine? Kila bili ilipokuja niliiweka kando ya bei ya gari la kuagiza, na kila mara bili ilionekana ndogo. Kwa hesabu hiyo hakuna tengenezo litakaloonekana ghali, na gari halitakufa kamwe mpaka limemfilisi mwenyewe. Bili ya fundi inapimwa kwa maswali mengine. Gari likishatengenezwa litakuwa na thamani gani? Kifaa gani kinafuata kuharibika? Tengenezo hili linaondoa chanzo au linafuta matokeo? Nilijumlisha baadaye nikakuta ndani ya mwaka mmoja nilikwisha kutoa zaidi ya milioni mbili kwenye gari ambalo likiwa zima lingeuzwa milioni tano, na chanzo cha maradhi sikukigusa. Kwa fedha ile ile ningefunga injini nyingine kamili na kubakiwa na chenji.

Sitajifanya kwamba mazingira hayakunisaidia kukosea. Kubadilisha gari kwetu ni mlima. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kutengenezwa. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 magari ya miaka 15 na zaidi. Tanzania hatukufunga mlango, tulipandisha gharama ya kuupita. Nilipokwenda kuulizia wakati ule, gari la abiria lililozidi miaka 10 lilikuwa na ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, na vyote hivyo juu ya thamani inayokadiriwa na TRA, siyo bei uliyoshindana nayo na muuzaji wa Japani. Mwenye mshahara wa kawaida akiona hesabu hiyo anarudi kwenye mkweche wake akiushika usukani kwa upendo mpya. Ndivyo nilivyofanya. Lakini kodi haikunituma kumdhulumu mtu.

Hatimaye nilimpata fundi mwingine, mtu wa maneno machache, mwenye gereji ndogo Temeke. Huyu hakukimbilia spana. Alisubiri injini ipoe kabisa, akafungua kifuniko cha rejeta, akaniambia nipige stata. Mapovu yakaanza kupanda. Akatoa plagi, akapima kompresheni ya silinda moja moja. Zote zilikuwa chini. Akatia oili kidogo kwenye matundu ya plagi, akapima tena, vipimo vikapanda. Akanieleza maana yake: oili inaziba kwa muda pale ringi zinapopitisha, kwa hiyo ringi zimekwisha, na mapovu yanasema hedi imepinda tena au imepata ufa.

"Bosi, hii injini usiifungue tena. Ukiifungua utatengeneza hiki, utakuta kile. Unazo njia tatu."

Njia ya kwanza, kutafuta injini ya mtumba Ilala na kuifunga: pamoja na kazi yake, milioni moja na laki nane. Bodi yako nzima, akasema, gia boksi nzima, gari litafanya kazi miaka. Njia ya pili, kulikata: milango, taa, viti, gia boksi na matairi viuzwe kimoja kimoja, mabaki yauzwe kwa kilo yaende kwenye tanuri za viwanda vya nondo. Utapata kama milioni mbili. Njia ya tatu, kuliuza kama lilivyo kwa mtu anayejua kwamba ananunua bodi na siyo injini. Hapo utapata milioni mbili na laki saba hivi.

Ushauri ulikuwa safi kuliko nilioustahili. Nikamlipa ufundi wake, nikaondoka, na sikufuata hata njia moja kati ya zile tatu.

Kwa nini sikufunga injini? Kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuchoka kutoa fedha, na hasira ya fedha nilizopoteza ikanifanya niikatae hii moja ambayo ingekuwa ya maana. Kwa nini sikulikata? Kwa sababu lilikuwa gari langu la kwanza. Lilimpeleka mama hospitali usiku. Watoto walijifunza kuhesabu kwa kusoma vibao vya magari kupitia dirisha lake. Na kwenye mtaa wetu mtu aliyekuwa na gari akirudi kwenye daladala, salamu zinabadilika. Wengi wanaoshindwa kama mimi huliweka gari juu ya mawe uani. Zamani gari lililolala liliendelea kudaiwa ada ya leseni kila mwaka. Mwaka 2017 ada ile ikafutwa, tozo ikahamishiwa kwenye mafuta, na sasa gari bovu halidaiwi na mtu. Linakaa, kuku wanatagia chini yake, mwenyewe anasema "nitalifufua". Ningefanya hivyo ningekuwa mjinga tu. Nilichagua kuwa zaidi ya mjinga.

Nikatangaza gari linauzwa, milioni tano, maelewano yapo. Kabla ya hapo nililiandaa. Injini ikaoshwa kwa presha mpaka ikang'aa. Oili nyepesi ikamwagwa, ikatiwa nzito, ili moshi upungue na injini isikike imetulia. Kwenye rejeta nikatia dawa ya kuziba nyufa, ile ya kununua dukani, ambayo hushika kwa wiki chache. Yote haya muuzaji anaweza kuyaita usafi. Lakini liko moja ambalo haliwezi kuitwa hivyo. Kijana aliponipigia kwamba yuko njiani anakuja kuliona, nilitoka nikaliwasha, nikalizungusha mitaa ya jirani, nikalirudisha, nikalizima. Rejeta ikiwa ya moto mtu mwenye akili hathubutu kufungua kifuniko chake; maji yanamrukia usoni. Kwa hiyo mapovu hatayaona. Na injini iliyokwisha kuwaka haitoi ule moshi wa asubuhi. Nililiwasha mapema kwa makusudi, nikijua ninaficha nini na ninamficha nani.

Alikuja na rafiki yake, bila fundi. "Shikamoo mzee." Nikaitika marahaba. Akalizunguka, akagonga bodi, akapiga teke la upole kwenye tairi, akakaa kwenye kiti na kushika usukani. Aliniambia anataka kulifanyia biashara ya abiria wa kuita kwa simu, kwamba sehemu ya fedha ni akiba yake na sehemu mama yake amekopa kwenye kikoba. Aliyasema hayo kwa kuwa aliniona mtu mzima. Akauliza, "Mzee, lina tatizo lolote?"

Nikamjibu, "Gari la mkononi halikosi vitu vidogo vidogo, mwanangu. Lakini unaona mwenyewe linavyonguruma."

Tukakubaliana milioni nne na nusu.

Injini haikufika mbali. Ilimzimikia usiku akiwa na abiria, akaachwa kando ya barabara na gari linalotoa mvuke. Akanipigia kesho yake. Hakufoka, aliniuliza tu kama niliwahi kuona dalili yoyote. Nikampa lile jibu linalotolewa na kila muuzaji: gari lililotumika halina garantii, uliliona, uliliendesha, uliridhika. Akasema, "Sawa mzee." Hakupiga tena, nikahesabu kwamba mambo yamekwisha.

Mficha maradhi kilio kitamuumbua. Kijana, kwa kuuliza uliza mafundi, akalipeleka gari kwenye gereji ile ile ya Temeke. Fundi akalitambua kabla halijafunguliwa boneti. Jioni akanipigia.

"Bosi, lile gari limerudi, na mwenyewe analia. Nimwambie nini?"

Nilimwomba asiseme kwamba aliwahi kulipima. Nilimwambia nitampa chochote. Nayaandika maneno hayo ili msomaji aone mtu anavyoshuka: kwanza nilimdhulumu mmoja, kisha nikataka kumfanya wa pili mshirika wangu, na huyo wa pili ndiye pekee aliyeniambia ukweli tangu mwanzo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mimi ukweli wa injini nitamwambia, maana ndiyo kazi yangu. Ukweli wako utamwambia mwenyewe."

Sikwenda kesho yake. Sikwenda hata mwezi ule. Nilijitafutia kinga za kila aina. Ya kwanza ilikuwa sheria: nilijiambia mnunuzi anapaswa kufungua macho. Nilipoisoma Sheria ya Mikataba yetu, Sura ya 345, nikakuta kifungu cha 17 kinatenganisha mambo mawili. Kunyamaza peke yake mara nyingi si udanganyifu. Lakini mtu anayelijua jambo akafanya tendo la kulificha, huo ni udanganyifu, na mkataba uliopatikana hivyo aliyedanganywa anaweza kuuvunja. Kinga yangu ikageuka shahidi dhidi yangu, maana mimi sikunyamaza tu, niliwasha injini.

Ya pili ilikuwa kudhani kwamba dini imenisahau. Kila aliyepita madrasa anakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakione, kisha akasema kwamba mwenye kughushi hayumo katika kundi lake. Nilikuwa nimekisikia kisa hicho tangu utotoni na sikuwahi kufikiri kwamba kinahusu rejeta.

Nilipokwenda hatimaye, nilimkuta gereji. Alikwisha kununua injini ya mtumba kwa mkopo, mafundi walikuwa wanaishusha kwenye gari. Bodi ilikuwa nzima kama fundi alivyosema. Nikamweleza yote, pamoja na ile ya kuliwasha mapema. Nilimkabidhi milioni moja na laki nane, gharama ya injini na kazi yake. Sikumlipa siku alizokaa bila kipato, wala riba ya kikoba cha mama yake. Nilikuwa nazo na sikumpa. Nilijiambia nimefanya vya kutosha. Hilo nalo liingie kwenye maungamo haya.

Alizipokea, akazihesabu, akasema, "Mzee, ungeniambia siku ile, ningelinunua vilevile. Ila ningelinunua kwa bei yake, na injini ningefunga kabla ya kuingia barabarani."

Nimekaa na maneno hayo kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeamini kwamba swali ni kutengeneza au kukata, na kwamba mimi ndiye mwenye jibu. Kumbe gari lile lilikuwa na jibu zuri kabisa: injini nyingine, dereva kijana, kazi ya kila siku. Linatembea mpaka leo. Lililokosekana ni ukweli, na aliyekuwa nao ni mimi. Kwa kuuficha nilimnyima kijana nafasi ya kuamua kwa akili yake na kwa mfuko wake; nikamfanya aingie kazini na abiria akiwa na injini iliyokufa. Faida niliyopata kwa hila, ukitoa bei halali ya gari bovu, ilikuwa milioni moja na laki nane. Ndiyo gharama ya injini. Nilichomuibia ni kile kile alichohitaji ili gari lifanye kazi.

Kwa mwenye gari lililochoka, nasema hivi. Kwanza pima kabla ya kuamua. Kompresheni, mapovu ya rejeta, rangi ya oili kwenye kijiti: fundi mwaminifu anavimaliza asubuhi moja, na bei yake ni ndogo kuliko ya kuifungua injini kwa kubahatisha. Bili ya matengenezo usiilinganishe na gari jipya. Ilinganishe na thamani ya gari lako baada ya kutengenezwa, na uulize kama chanzo kimeondoka. Bodi ikiwa nzima na chesesi haijaliwa na kutu, injini ya mtumba inaweza kuwa busara. Bodi ikiwa imeoza, likate, usione haya. Vifaa vyake vitawafaa wengine, na mabaki yatakuwa nondo. Na injini mpya au ya zamani, irudishie themostati yake, itie kulanti, na mshale wa joto ukipanda, simama hapo hapo, hata kama basi zima linakutazama.

Kwa mnunuzi: nenda asubuhi, nenda na fundi, na mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kulikuta gari limelala. Ukifika, gusa boneti kwa kiganja kabla salamu hazijaisha. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Kisha ahirisha, rudi siku nyingine bila kumwambia saa.

Kwa muuzaji mwenzangu: hati ya mauziano ina nafasi ya majina, namba ya chesesi, bei na mashahidi. Ongeza mstari mmoja wa ubovu unaoujua, uandike kwa mkono wako, mnunuzi asaini chini yake. Bei itapungua. Acha ipungue, kwa sababu kiasi kilichopungua hakikuwa chako tangu mwanzo.